KARATA 40, POINTI 120: Kwa nini saba ina nguvu, na namna ya kukagua jozi kabla hamjagombana



Leo siasa naziweka pembeni kidogo. Nataka tuzungumze karata. Najua wengi mnaosoma hapa mko intaneti kafe, dirisha moja mmefungua barua pepe, jengine mmefungua Yu-Gi-Oh!, na mwenye kafe anakuangalia dakika zako. Someni basi haraka haraka, lakini mfike mwisho, maana kuna kitu nataka kukiri huko chini.

Sababu ya kuandika ni hii. Ramadhani moja, baada ya tarawehe, barazani kwetu mitaa ya Mkunazini, watu wazima walikaribia kushikana mashati kwa sababu ya karata moja tu: saba ya kopa. Na kijana wa miaka 16, mtoto wa dada yangu, aligeuza mfuko wa kanzu yake nje mbele ya watu ili kuonesha kwamba hakuiba. Ile picha mpaka leo sijaisahau.

Ili muelewe ilikuwaje, lazima kwanza muelewe jozi yenyewe inavyotengenezwa.

MCHEZO WENYEWE

Tunacheza wahedi wa sitini. Jina ni Kiarabu, maana yake sitini na moja. Ukifikisha pointi 61 umeshinda, kwa sababu pointi zote za jozi ni 120, na nusu yake ni 60. Ukipata 60 na mwenzako 60, hapo ni sare. Kwa hiyo 61 ni nusu ukaongeza moja. Ishikeni hii, tutairudia.

Ukinunua jozi dukani Darajani utakuta karata 52 na majokeri. Sisi hatuzitumii zote. Tunatoa majokeri, tunatoa 8 zote, 9 zote na 10 zote. Zinabaki 40, yaani kila rangi karata 10. Rangi ni nne: shupaza, kopa, uru na pau.

Sasa thamani. Kwa kila rangi ziko hivi, kuanzia yenye nguvu mpaka dhaifu:

Ree - pointi 11
Saba - pointi 10
Mzungu wa nne (kingi) - pointi 4
Mzungu wa tatu (jeki, wengine ghulamu) - pointi 3
Mzungu wa pili (kwini, au bibi) - pointi 2
6, 5, 4, 3, 2 - hazina kitu, hizi ndio galasa

Jumlisha: 11 na 10 ni 21, ongeza 4, 3 na 2, unapata 30. Rangi nne mara 30 ni 120. Nusu ya jozi, karata 20, zina pointi, na nusu nyengine 20 ni galasa. Ndio maana mtaani mtu akikosa bahati wanasema kalamba galasa. Kulamba ni kuchukua karata kutoka kwenye fungu. Na akipata bahati kalamba dume. Maneno yote haya tunayatumia kila siku, mpaka kwenye ndoa na uchaguzi, na wengi hatujui kwamba yametoka kwenye karata. Hata "karata ya turufu" ya wanasiasa ndio hii hii.

Barazani kwetu tunacheza wanne, wawili kwa wawili, mwenzako anakaa mbele yako. Kila mtu anapewa karata 3. Hizo 12. Ya 13 inafunuliwa na kulazwa chini ya fungu, na rangi yake ndio turufu. Kila mmoja anatupa karata moja, mwenye kubwa ya rangi iliyoanza anakula, isipokuwa mtu akitupa turufu. Aliekula analamba wa mwanzo, wengine wanafuata. Fungu lina karata 28, na 28 kwa wanne ni duru 7, inagawika bila ya kubaki hata moja. Hesabu hii imekaa sawa kabisa.

Na kabla hamjauliza: hatuwekeani pesa, wala hatuwekeani kahawa. Anaefungwa anainuka anampisha mwengine. Basi. Lakini yakhe, kuinuka mbele ya watu ukafungwa na watoto wadogo, wallahi bora ungelipa pesa.

KWA NINI SABA?

Kila kijana anaejifunza anauliza swali hili. Vipi saba imshinde kingi? Kwa nini jeki amshinde bibi, wakati kwenye sinema na kwenye kompyuta bibi ndio mkubwa?

Jibu liko kwenye maneno yenyewe. Karata, turufu, shupaza, kopa, uru, pau... yote ni Kireno. Wareno walikuwepo kwenye mwambao huu tangu Vasco da Gama alipopita 1498 mpaka walipopoteza Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698. Miaka 200. Pale Forodhani, Ngome Kongwe imejengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kanisa limeondoka, karata zimebaki.

Kwenye karata zao za zamani, uru ilikuwa sarafu za dhahabu, kopa vikombe, shupaza mapanga, na pau marungu. Ndio maana shupaza ina jina la upanga na picha yake haifanani na upanga hata kidogo: jina limebaki la zamani, picha imekuja ya Kifaransa.

Na jozi ya Kireno ya michezo hii ilikuwa ya karata 40, bila ya 8, 9 na 10. Kwa hiyo saba ilikuwa ndio namba kubwa ya mwisho kabla ya wazungu. Sisi tunapozitoa 8, 9 na 10 kwenye jozi ya dukani, tunairudisha jozi ile ya zamani.

Habari ya bibi na jeki ni hiyo hiyo. Kwenye karata za Kireno picha ya chini kabisa ilikuwa ya msichana, na juu yake mpanda farasi, kisha mfalme. Zilipokuja karata za Kifaransa zenye malkia, watu wakamuweka malkia pale pale alipokuwa yule msichana, chini. Mpaka leo Ureno kwenye michezo ya namna hii jeki anamshinda malkia. Na sisi wazee wetu wakawaita kwa pointi zao tu: mzungu wa nne ana 4, wa tatu ana 3, wa pili ana 2. Ukijua jina umejua na thamani. Nani kasema wazee hawajui hesabu?

NA HIZO ZA KUKUSANYA?

Sasa nawageukia nyinyi wa Yu-Gi-Oh! Mpwa wangu ndie alienifundisha, na nilikuwa namcheka. Nikiona mtu anakaa saa nzima "kupanga deki" kabla hata hajacheza, nasema huyu kapoteza pesa ya kafe bure.

Kumbe na wao wana sheria, tena kali. Michezo ya karata za kukusanya ilianza na Magic: The Gathering ya Richard Garfield, Marekani, mwaka 1993. Ya Pokémon ikatoka Japani 1996, na ya Yu-Gi-Oh!, kutoka kwenye katuni za Kazuki Takahashi, ikaanza kuuzwa huko huko na Konami 1999. Tofauti yao na sisi ni kuwa kila mchezaji anakuja na jozi yake aliyoipanga mwenyewe. Kwa hiyo bila ya sheria, mwenye pesa angejaza madume matupu na mchezo ungekufa.

Sheria zao kwa ufupi:

1. Magic: jozi isiopungua karata 60, na karata yenye jina moja isizidi nakala 4, isipokuwa zile za ardhi za kawaida.

2. Pokémon: 60 kamili, si zaidi si pungufu, na nakala 4 kwa jina moja, isipokuwa nishati za kawaida. Halafu kuna zile maalum zinazoitwa ACE SPEC: unaruhusiwa moja tu kwenye jozi nzima. Ukichagua hii, nyengine zote za aina hiyo unaziwacha.

3. Yu-Gi-Oh!: jozi kuu kuanzia 40 mpaka 60, na nakala 3 kwa karata moja. Lakini kuna orodha ya karata maalum, na orodha hiyo hubadilishwa kila baada ya muda. Nyengine zimewekewa mpaka wa nakala 2, nyengine 1, na nyengine marufuku kabisa.

Mfano wa karata ya nakala moja ni vipande vya Exodia. Viko vitano, ukivikusanya vyote mkononi umeshinda hapo hapo, hakuna mjadala. Kila kipande kimewekewa mpaka wa nakala moja. Fikiri kingeruhusiwa kwa nakala tatu tatu: ungevikusanya upesi sana, na mwenzako angekuwa hata hajakaa vizuri.

Mpwa wangu akaniambia neno: "Mjomba, karata ikiwa na nguvu sana, dawa yake ni kupunguza nakala zake." Nikamwambia hiyo sisi tunayo tangu zamani. Kwetu mpaka ni nakala moja kwa kila karata, zote 40. Ree ya kopa ni moja. Saba ya kopa ni moja. Na hata galasa ni moja moja.

Nilisema hivyo kwa maringo. Sikujua kama maneno yangu yatanirudia.

USIKU WENYEWE

Usiku ule mmoja katika wanne wetu hakuja. Mpwa wangu alikuwa amekaa pembeni, nikasema mkaeni huyu kijana. Akawekwa na mimi. Upande wa pili alikaa mzee ambae pale barazani tunamuita Babu sote, hata sisi wenye mvi. Babu huyu anakumbuka kila karata iliyopita. Si utani. Ukiwa na karata tatu za mwisho mkononi anaweza kukutajia mbili.

Turufu ilikuwa shupaza. Tumecheza mpaka mwisho, tukahesabu. Sisi 55. Wao 55.

Tukahesabu tena. 55 kwa 55. Hakuna aliefika 61, wala si sare ya 60. Jumla 110.

Babu akanyamaza kidogo kisha akasema: "Saba ya kopa haikutoka." Akaeleza kwamba ree ya kopa alikuwa nayo yeye, akaizuia mpaka mkono wa mwisho akiingoja hiyo saba aile, na haikuja. Alikuwa sahihi kabisa. Pointi 10 zilizopungua ndio saba hiyo.

Halafu mtu mmoja, sitosema nani, akasema kuna mtu kaikalia. Na macho yote yakaenda kwa mgeni. Kijana alikuwa ameinuka mara moja katikati ya mchezo kwenda kuchukua kahawa. Hakuna aliemtaja jina. Hakukuwa na haja. Akasimama, akageuza mfuko wa kanzu nje, akakunguta mkeka aliokalia, akasema "Shikamooni," akaondoka. Siku tatu hakutia mguu barazani, na futari kwa dada yangu nikienda anakula haraka anaingia chumbani.

Na mimi? Mimi nilinyamaza. Sikumtuhumu, lakini sikumtetea. Na moyoni nilijiuliza kama kweli kaichukua.

Usiku wa nne akaja nyumbani kwangu. Akasema, "Mjomba, nipe ile jozi." Nikampa. Akaipanga sakafuni kama anavyopanga deki yake: safu nne, kila rangi safu yake, kuanzia ree mpaka 2. Shupaza 10. Uru 10. Kopa 9, pengo pale penye saba. Pau 11.

Kulikuwa na nne ya pau MBILI.

Hapo damu ikanipanda usoni, maana jozi ile nilitengeneza mimi. Niliununua mzigo wa jozi mbili zenye mgongo wa aina moja, zikachanganyika nyumbani kwa watoto. Nikatoa 8, 9 na 10, nikahesabu 40, nikaridhika. Nikaenda kufungua kisanduku nilichowekea karata zilizobaki. Saba ya kopa ilikuwa humo, imelala katikati ya nane.

Hakuna alieiba. Nilikosea mimi, na aliefedheheka yeye.

KWA NINI HAKUNA ALIEONA?

Hili ndio somo la leo wadau. Kuhesabu karata 40 hakutoshi. Karata zilikuwa 40 kweli, kugawa kuligawika, fungu liliisha sawa sawa. Nne ya pau ilipita mara mbili, na hakuna mtu anaekumbuka galasa. Hata Babu. Akili ya mchezaji inahesabu ree na saba, turufu na wazungu. Galasa inapita kama mtu usiyemjua sokoni.

Na mchezo wote umesimama juu ya sheria hiyo ya nakala moja. Babu anaweza kukumbuka kwa sababu kila karata ikitoka haitarudi. Ukivunja sheria hiyo, kumbukumbu yake inabaki sahihi lakini hukumu inayofuata inakuwa batili. Alijua saba haikutoka, na ilikuwa kweli. Kutoka hapo kufika kwenye "kuna mtu kaiba" ni hatua nyengine kabisa, na ushahidi wake haukuwepo.

Tena angalieni, 61 ina maana pale tu jumla ikiwa 120. Jumla ikiwa 110, nusu yake ni 55, na hiyo 61 inakuwa mbali zaidi kwa wote. Mnaweza kucheza usiku mzima mkidhani mnacheza wahedi wa sitini, kumbe mnacheza mchezo usio na jina.

NAMNA YA KUKAGUA (dakika moja tu)

1. Toa majokeri, 8, 9 na 10. Zifunge kwa mpira, usizirushe ndani ya kisanduku ovyo kama mimi.

2. Panga safu nne kwa rangi. Kila safu iwe na 10. Ikiwa moja ina 9 na nyengine 11, simama hapo hapo.

3. Angalia kichwa cha kila safu: ree, saba, wazungu watatu. Hapo ndio pointi 30 zako. Mara nne, 120.

4. Mkiwa watatu, 40 haigawiki. Toa 2 moja zibaki 39. Mkiwa sita, toa 2 zote nne zibaki 36. Toeni galasa TU. Ukitoa yenye pointi umeharibu 120.

5. Karata ikipotea, usiazime ya jozi nyengine bila ya kuwaambia wenzako. Na ukiazima, azima ile ile iliyopotea.

6. Kabla ya kuanza, kubalianeni sheria za nyongeza. Hispania, kwa mfano, kwenye mchezo ndugu wa huu, mwenye saba ya turufu anaruhusiwa kuibadilisha na karata iliyofunuliwa ikiwa ni kubwa. Kama kwenu mnafanya, semeni kabla, si baada ya kulamba.

Wa Yu-Gi-Oh! mtaona hii si ngeni. Kwenye mashindano yao mchezaji huandika orodha ya karata zake zote akaikabidhi kwa waamuzi, wakitaka kukagua wanakagua. Sisi barazani mwamuzi hatuna. Tuna kuaminiana tu, na kuaminiana kukivunjika hakuna karata ya kuazima.

Usiku wa pili yake nilikwenda barazani na saba ya kopa mkononi. Nikaiweka kwenye mkeka, nikaeleza mbele ya wote kwamba kosa ni langu, na kwamba nilimuona mtoto wa dada yangu anafedheheka nikanyamaza. Hili la pili lilikuwa zito kulisema kuliko la kwanza. Babu hakujibu kitu. Alimtuma mjukuu wake akamwite kijana.

Alipokuja, Babu akampa jozi nzima, karata 52 na majokeri, akamwambia: "Kaa hapa. Tengeneza wewe."

Akatengeneza. Safu nne. Tukangoja mpaka akamaliza. Na tokea siku hiyo jozi ya barazani inakaa kwake, mimi sina ruhusa ya kuigusa mpaka aikague mwenyewe. Nastahiki.

Haya wadau, maoni yapo wazi hapo chini. Kwenu mnatoa zipi? Nungwi, Makunduchi, Pemba, na nyinyi mlioko Muscat na London, mnacheza 40 au vyengine? Andikeni, lakini bila ya matusi. Na wewe uliopo kafe, dakika zako zimekwisha, mpishe mwenzako.